Kutafuta mvulana kwa mkopo

Dada wa Igoma, umeuliza kama ni vibaya wewe na mumeo, mliojaliwa mabinti watatu, kukopa fedha za upandikizaji wa mimba ili wa nne awe mvulana, kwa kuwa wakwe wanadai mrithi.

Lawama ya kukosa mvulana si yako, kwani mbegu ya baba ndiyo hubeba kromosomu ya X au Y inayoamua jinsia. Kitaalamu jambo hilo linawezekana: mayai hurutubishwa maabara, viinitete hupimwa, kisha cha kiume hupandikizwa, lakini vingine vyenye afya huachwa kwa kosa la kuwa vya kike tu, na hapo ndipo dhamiri yangu inapogoma. Kama mngekuwa mnakwepa ugonjwa wa kurithi unaowapata zaidi wavulana, mfano hemofilia (damu kushindwa kuganda vizuri), ningejibu tofauti. India ilipiga marufuku upimaji wa jinsia ya mimba kwa sheria ya mwaka 1994, kwa sababu mimba za kike zilikuwa zikitolewa. (Na kwetu Usukumani, ajabu, binti ndiye aletaye ng'ombe.)

Zungumza na mumeo faragha kabla ya kikao cha ukoo, umkumbushe kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamruhusu binti kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, hivyo wosia unaweza kuandikwa hata kesho.