Paka wa kutoka nje: usiku alale ndani, mchana kaongee na mwenye kuku

Mleta mada, pole kwa dume lako. Nirudie ulichouliza ili wanaoingia sasa wasipotee: umehamia Uyole kutoka Dar, una paka wawili, dume hajaonekana tangu Ijumaa, jike anarudi asubuhi ana mikwaruzo, na unataka kujua kama uwafungie ndani moja kwa moja. Wachangiaji wa juu nusu wanasema paka ni mnyama huru hafungwi, nusu wanasema nyumba ikiwa na geti basi paka aishie ndani ya geti.

Nimefuga paka hapa Mbeya kwa miaka mingi, kabla ya hapo Tukuyu kwa wazazi, na kwa mazingira yetu siungi mkono upande wowote. Mchana atoke. Usiku alale ndani. Na jirani mwenye kuku umfahamu wewe kabla hajamfahamu paka wako.

Nianze na usiku, kwa sababu karibu kila balaa la paka mjini hapa hutokea giza likishaingia. Mitaa ya pembezoni kama Uyole, Itezi na Iwambi watu hufunga mbwa mchana na kuwafungulia wakienda kulala. Madume hupigania majike usiku. Malori ya Tunduma hayalali, na paka aliyemulikwa taa kali katikati ya barabara kuu mara nyingi husimama badala ya kukimbia. Sumu ya panya nayo hutegwa jioni. Ukimfungia kuanzia magharibi mpaka kumekucha umeshakwepa sehemu kubwa ya hayo bila kumnyima jua lake wala mti wake wa kukwea.

Kumrudisha ndani hakuhitaji kumkimbiza uani. Ni chakula tu. Watu wengi humwekea paka chakula asubuhi wakienda kazini, kisha jioni wanashangaa haji. Geuza ratiba: asubuhi kidogo, mlo wenyewe uwe saa kumi na mbili jioni, kila siku, saa ile ile. Mimi natumia usipa wa Kyela, nauosha kutoa mchanga, nauchemsha, nachanganya na ugali kidogo. Nasisitiza ugali uwe kidogo, maana paka anaishi kwa nyama na samaki. Ukimlisha ugali na maziwa peke yake atadhoofika, na maziwa mengi huwaharisha paka wakubwa. Nikigonga sufuria kwa mwiko, wangu anaruka kutoka bati la jirani kwa kishindo, mpaka watu wa nyumba ile wameshazoea kwamba hiyo ndiyo saa kumi na mbili. Akishaingia, mlango unafungwa. Choo ni beseni lenye maranda ya kwa fundi seremala, yale yale ya kutandika banda la vifaranga. Huku kwetu maranda ni ya kumwaga, hakuna sababu ya kununua mchanga wa dukani.

Wiki ya kwanza atalia mlangoni. Mwache alie.

Kwa wewe uliyehama kuna jambo moja zaidi. Paka aliyetoka nyumba nyingine afungiwe ndani mchana na usiku kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuonja nje, ili pua yake ikubali kwamba hapa ndipo kwao. Wengi huwasafirisha kwenye kiroba, wakifika wanafungua uani, paka anapotea siku hiyo hiyo akitafuta nyumba ya zamani. Jike wako uliyebaki naye, mfungie sasa.

Sasa sumu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoua paka wengi ninaowajua, na mara nyingi aliyetega hakumkusudia paka. Mahindi ya mikoa yetu yakishavunwa na kuingizwa ndani, kuanzia mwezi wa sita hivi, panya wanahamia majumbani nayo. Watu wanatega. Kuna sumu za aina mbili kwa tabia, na ni muhimu kuzitofautisha.

Ya kwanza inazuia damu isigande. Panya anayeila hafi palepale. Anazurura siku kadhaa amelegea, na panya aliyelegea ndiye paka anayemkamata kwa urahisi. Paka naye akila panya wa hivyo mara kwa mara dalili zinachelewa: fizi zinapauka, anapumua kwa shida, damu inaweza kutoka puani au kwenye kinyesi. Hii ina tiba, vitamini K1, lakini hutolewa kwa wiki kadhaa na daktari wa mifugo, na ukiwahi ndiyo inasaidia.

Ya pili ni zile punje na unga usio na lebo zinazouzwa kwa kutembezwa sokoni na stendi. Nyingi ni viuatilifu vya shambani vilivyofungwa upya kwenye vikaratasi. Hii haisubiri. Paka wangu wa kijivu aliwahi kuingia alfajiri, enzi hizo alikuwa analala atakapo, akasimama katikati ya jiko udenda unamwagika mpaka kifuani. Misuli ya mapaja ilikuwa inachezacheza chini ya ngozi, na mboni za macho zimekuwa ndogo mno ingawa jiko lilikuwa bado na kiza. Bibi mmoja jirani akaja mbio na kikombe cha maziwa. Nilimshukuru, nikamwomba aweke chini. Paka anayetetemeka ukimnywesha kitu kwa nguvu, maziwa au mafuta ya kula, kinaingia mapafuni na anaweza kufa kwa hicho badala ya sumu. Maji ya chumvi ya kumtapisha ndiyo kabisa usithubutu. Nilimfunga kwenye taulo, kichwa kikiwa nje, nikachukua boda hadi kwa daktari. Matapishi niliyakusanya kwenye mfuko, nikiwa nimevaa mfuko mwingine mkononi kama glovu. Daktari alimchoma atropini na kurudia, na kufikia mchana udenda ulikuwa umekata. Kwa hiyo weka namba ya daktari wa mifugo kwenye simu leo, na uulize kabisa kama anapatikana alfajiri.

Msisahau sumu tunazoziingiza wenyewe. Panadol ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Anayekwambia umpe nusu kwa ajili ya homa mshukuru na usifanye. Dawa za kuogeshea ng'ombe pia. Mtu ana ndama wake, anaona paka ana viroboto, anampitishia dawa ile ile. Dawa nyingi za aina hiyo zimetengenezwa maabara kwa kuiga sumu ya maua ya pareto tunayolima Mufindi na Umalila, ng'ombe na mbwa wanazivumilia lakini ini la paka haliwezi kuzivunja, anaanza kutetemeka saa chache baadaye. Nenda duka la dawa za mifugo, sema wazi ni ya paka, na usome kibandiko kama kinamtaja paka. Walio karibu na gereji waangalie pia maji ya rejeta ya rangi. Ni matamu, na kijiko kimoja kinatosha kuharibu figo za paka.

Turudi kwa jirani. Mleta mada, umesema upande wa pili wa uzio kuna mama anafuga kuku wa kienyeji. Basi huko ndiko usalama wa paka wako uliko, kuliko kola yoyote utakayoagiza mtandaoni. Nilipohamia hapa jirani wangu wa chini alikuwa na kuku wa aina hiyo, mama wa makamo, mkali. Siku moja ananiita getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, huyo nunda wako mfunge. Vifaranga vyangu vimebaki nusu."

Ungeweza kubishana kwamba mwewe nao wamo, na kicheche yupo, na kweli wamo. Hiyo hoja haijawahi kumwokoa paka hata mmoja. Nilimwambia nimesikia, Jumamosi nakuja na fundi. Tulichukua mabanzi na wavu wa kuku, tukatengeneza chumba cha kuku mama na vifaranga chenye paa la wavu, kwa sababu kifaranga yuko hatarini zaidi wiki zake za mwanzo. Akishakuwa mkubwa paka wa kawaida hamsumbui sana, na kuku mama anajua kupigana. Mabanzi huku ni bei ya kuni. Alipoona mwewe naye ameshindwa aliniambia "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, na kunipa mayai. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa ananipigia simu: paka wako yuko kwa akina fulani, njoo umchukue kuna mbwa. Na alipotaka kutega panya aliniuliza kwanza, nikampelekea mitego ya kubana badala ya sumu.

Kuna aliyetaja sheria hapo juu. Ipo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Lakini ukianza kwa jirani na sheria mkononi, umempa sababu ya kufanya jambo lake usiku bila shahidi.

Kuhusu mikwaruzo ya jike: amehasiwa? Hukusema. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, anabeba kama siku 63 hadi 65, na akiwa joto madume ya mtaa mzima yanahamia kwako. Dume asiyehasiwa anazunguka mbali na anapigana, na jeraha la meno ya paka linafunga juu haraka huku ndani usaha unatunga. Ukigusa ukaona uvimbe wa moto, ni jipu, anahitaji daktari. Kuumana pia kunasambaza virusi vya paka vinavyofanana na VVU. Haviambukizi binadamu, kwa hiyo msianze kuogopana. Kuhasi kunapunguza sana kuzurura na ugomvi. Wapo wanaosema paka aliyehasiwa hakamati panya. Wangu amehasiwa, na bado ananiletea panya mlangoni, wakati mwingine akiwa mzima, jambo ambalo mke wangu ana maoni yake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia, licha ya jina. Huanza akifikisha miezi mitatu, hurudiwa kila mwaka. Ulizia kwa ofisa mifugo wa kata, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambapo kampeni za kuchanja hufanyika sehemu nyingi. Paka akikung'ata na humjui historia yake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona paka atakuwaje.

Mambo madogo madogo ya huku. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza paka hupanda kwenye injini ya gari iliyozimwa muda si mrefu. Gonga boneti kabla ya kuwasha. Vipande vya chupa juu ya ukuta vinachana nyayo za paka wako kabla ya mwizi yeyote hajafika. Kola ikiwa ya kamba ngumu inaweza kumnyonga akinasa kwenye tawi au seng'enge, shona ya lastiki inayovutika kichwa kikatoka. Paka mweupe masikio yake huungua na jua la huku juu, na ikiendelea miaka inaweza kuwa saratani, basi saa za jua kali awe kivulini. Na paka mweusi, sitaki mjadala wa imani hapa, ila mnajua watu wanavyowatupia mawe wakiwaona usiku. Yeye ndiye wa kwanza kufungiwa.

Kama uwanja wako uko kando ya barabara kuu kabisa, hapo nakubali asitoke. Mjengee kibanda cha mirunda na wavu kilichounganishwa na dirisha la jiko, kiwe na paa la wavu pia na ubao wa kukalia juu. Anapata upepo, anaona ndege, inatosha.

Dume lako: usianze kumtafuta mbali. Paka aliyeogopa katika mtaa mgeni hujificha karibu na kukaa kimya hata ukimwita. Toka na tochi saa nne usiku, umulike chini ya magari, kwenye mitaro, darini, stoo za mahindi za majirani ambazo hufungwa mchana, utaona macho yanang'aa. Waombe majirani wafungue stoo zao hata kama wanaapa hayumo. Watoto wa mtaa waambie rangi yake na uwaahidi soda, wao wanajua kila uchochoro. Na kama kabla ya Uyole mlikaa kwanza nyumba nyingine hapa hapa Mbeya, ulizia na huko. Ukirudi hapa tuambie jike amehasiwa au la, na kama ana uvimbe wowote, weka picha ya kidonda.