Ringi Haziongezi Kitambaa

Swali: Shikamoo fundi. Nimejishonea pazia la sebuleni. Dirisha lina upana wa sentimita 150, bomba la kutundikia pazia lina urefu wa 190. Muuzaji aliniambia mita 2 za kitambaa cha upana wa sentimita 280 zinatosha. Nimekata vipande viwili, kila kimoja nikakiwekea ringi 7. Nikifunga, limenyooka kama shuka kwenye kamba na katikati kuna uwazi. Jirani anasema niongeze ringi zifike 12. Nitoboe?

Jibu: Marahaba. Weka mkasi chini kwanza. Ringi hazileti mawimbi. Mawimbi huletwa na kitambaa cha ziada, na wewe huna. Kitambaa cha 280 hulazwa: ule upana wake ndio unakuwa kimo cha pazia, na mita unazokatiwa dukani ndizo upana. Kwa hiyo ulinunua upana wa sentimita 200. Pindo nne za pembeni, sentimita 5 kila moja, zimekula 20. Zimebaki 180, na bomba ni 190. Ukitoboa zaidi utapata matundu tu.

Hesabu huanzia kwenye bomba, si kwenye dirisha. Bomba 190 mara mbili ni 380, jumlisha 20 za pindo: mita 4. Kwa shia, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, zidisha bomba mara mbili na nusu.

Pazia lako linaokoka. Nunua mita 2 nyingine, lakini nenda na kipande cha kitambaa chako ukakilinganishe nje kwenye mwanga wa jua, maana jora jingine la rangi ileile huweza kupishana kidogo. Fumua pindo moja la pembeni kwa kila pazia, unga mita 1 kwa mshono wa sentimita 1.5, kisha ufungue mshono huo kwa pasi ulale bapa, kwani utaangukia mbele ya wimbi. Endeleza utepe mgumu wa juu kabla ya kutoboa. Kila upande utapata kama sentimita 187. Ongeza ringi 7 kwa nafasi ya sentimita 13 hadi 14, zifike 14. Idadi iwe shufwa. Zile 7 zako ndizo zinazofanya ncha moja ielekee ukutani na nyingine ichomoze chumbani. Sidhani kama jirani aliliona hilo.

Kinachoudhi ni hii kauli ya "dirisha la mita moja na nusu, chukua mbili", inayotolewa bila kuuliza bomba lina urefu gani wala kitambaa kina upana gani. Kwa kitambaa cha 150, kinachosimamishwa, hesabu ni nyingine kabisa: sentimita 400 zinahitaji vipande vitatu, na kwa kimo cha 260 pamoja na pindo, hizo ni mita 7.8. Muuzaji asiyeuliza anakisia, na hasara ni yako.

Wapo pia wanaofundisha kwenye video pazia la dakika kumi: gundi ya moto badala ya cherehani. Gundi hiyo hulainika kwa joto. Dirisha linalopigwa na jua la mchana huilegeza pindo, na pasi ya kwanza huimalizia, ikiacha doa gumu lisilotoka. Na kitambaa cha pamba kikikatwa kabla ya kuloweshwa na kukaushwa, pazia lililogusa sakafu leo litaning'inia juu ya vifundo vya miguu likifuliwa.