Uliza Fundi: Fayaplesi ya gesi bila bomba la moshi, ni sawa?

SWALI: Fundi habari yako. Tumehamia nyumba ya kitambo huku Lavington, sebuleni kuna fayaplesi ya kuni na chimni yake, na hii baridi ya Julai inatumaliza. Mzee anataka tuibadilishe iwe ya gesi. Kuna duka limetuonyesha moja haina bomba la moshi kabisa, eti unaunganisha mtungi unawasha basi, na ni rahisi kuliko zingine. Jirani naye anasema tungoje gesi ya bomba ije. Kitinda mimba wetu ana pumu. Tufanyeje? – Mama Tasha

JIBU: Mama Tasha, hiyo ya kungoja bomba achana nayo. Nairobi hatuna gesi asilia ya kuingia kwa manyumba kama Uingereza, na hata yale maflati unasikia yana gesi ya bomba, ni LPG, gesi ileile ya mtungi, tanki tu ndio moja la wote. Kwa hivyo wewe ni wa mtungi. Lakini chunga, fayaplesi ya kuagiza inaweza kuwa imetengenezewa gesi asilia, nozeli zake, pale gesi inapotokea, zina tundu kubwa, ukiifungia mtungi unapata moto mrefu wa njano na masizi kwa kioo. Kabla hujatoa pesa soma kibandiko chake kama kimeandikwa LPG.

Sasa hiyo isiyo na bomba la moshi. Mimi kwa nyumba yenye mtoto wa pumu siiweki, hata unilipe mara mbili. Kila kitu kinachotoka kwa moto kinabaki hapo mnapokaa, pamoja na naitrojeni daioksidi ambayo inakera mapafu, na mvuke pia, maanake fayaplesi ya kilowati 6 ukiiwasha masaa matatu inamwaga zaidi ya lita mbili za maji hewani, halafu mnaanza kushangaa mbona kuta zinatoka jasho na nguo kwa kabati zinanuka ukungu. Watakwambia ina sensa ya kuzima moto oksijeni ikipungua. Ni kweli, lakini Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na hizo sensa huku juu husumbua, moto unazimika zimika mpaka mtu anaita fundi wa mtaani "aitoe hiyo kitu". Hapo ndio kaboni monoksidi inaingia, gesi ya sumu, na haina harufu.

Chukua ile iliyofungwa na kioo. Ina bomba mbili, moja inavuta hewa kutoka nje na ingine inatoa moshi nje, hewa ya sebuleni haiguswi. Unaweza kuitoboza ukutani ama kupitisha bomba zote mbili ndani ya hiyo chimni yenu, lakini ikaguliwe kwanza, mimi nilichungulia moja na tochi nikaangukiwa na kiota kizima usoni.

Kuna pia ile ya magogo bandia, moto uko wazi na moshi unapanda chimni yenyewe. Inapendeza macho, ila joto jingi linaenda kuwapasha ndege. Mkiipenda sana, funga madirisha, washa feni ya kutoa moshi jikoni, kisha shika udi unaofuka mdomoni mwa chimni. Moshi ukirudi ndani badala ya kupanda, hiyo chimni haifai. Na kile kifuniko cha chimni kikazwe kikiwa wazi, kisiweze kurudi.

Mtungi ukae nje, wima, mbali na mtaro, kwa sababu LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya shimoni. Ndani iingie na paipu ya kopa, viungo vipakwe povu la sabuni, ukiona mapovu yanavimba funga gesi. Nunueni kengele ya kaboni monoksidi pia, ikae karibu na vyumba vya kulala.

Hesabu ya mwisho: mtungi wa kilo 13 kwa fayaplesi ya kilowati 6, moto ukiwa juu kabisa, unamaliza kama masaa 27, yaani jioni tisa hivi za masaa matatu. Kwa baridi ya Juni mpaka Agosti afadhali wa kilo 50, na uletwe na watu wa gesi wenyewe, usimwache Mzee ajaribu kuushusha kwa buti ya gari.