Kutoka kinanda cha harusi mpaka muziki wa gemu

Mdogo wangu, umeuliza kama kupiga kinanda kwenye harusi za hapo Malindi kunaweza kukufikisha kwenye muziki wa filamu na gemu na noti husomi. Inawezekana kabisa, Vangelis, yule mtunzi Mgiriki, alijifunza mwenyewe, noti hakusoma, na 1982 akachukua Oscar ya muziki wa filamu. Ila jua filamu unafuata picha sekunde kwa sekunde, gemu mchezaji anaweza kukaa palepale nusu saa, kwa hiyo wimbo lazima uzunguke, mwisho uingie mwanzoni bila kushtua, na ngoma ziwe faili yake ili adui akitokea ziongezwe juu. Anza na hilo, chukua dakika moja ya chakacha uizungushe mpaka kiungo kisisikike. Na usisaini mkataba kabla hujaona haki zinabaki kwa nani.