"Explain me" au "explain to me"?

Sahihi ni "explain it to me". Kiswahili humweka mtu ndani ya kitenzi: nieleze, nisubiri, nisikilize. Ukihamisha hivyo hivyo unapata "explain me", "wait me", "listen me", na zote ni makosa. Ni "wait for me", "listen to me". "Tell" na "show" ndivyo hupokea mtu moja kwa moja: "tell me", "show me". "Explain" na "say" hudai "to". Kinachoelezwa hutangulia, "She explained the rule to me", ila kikiwa kirefu huja mwishoni: "Explain to me why he left." Halafu "discuss" haitaki "about" kabisa; "talk" ndiyo huitaka.