Jibu: Nani alikuwa ndani ya Big Bird?
Mkuu, umeuliza kama sauti ya yule ndege mkubwa wa manjano wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha televisheni ya Marekani, iliwekwa baadaye na mtu mwingine. Hapana. Alikuwa mtu mmoja, Caroll Spinney wa Marekani, tangu kipindi kianze mwaka 1969 hadi 2015.

Na kazi yenyewe ni mateso! Mkono wa kulia aliuinua juu ya kichwa chake muda wote, akifungua na kufunga mdomo wa ndege, huku kidole cha mwisho kikichezesha macho. Mkono wa kushoto ndio bawa. Bawa la kulia lilivutwa na uzi mwembamba uliopita chini ya shingo: hili likishuka, lile linapanda. Nje haoni, kwa hiyo alijifunga kijiruninga kifuani ajitazame kama sisi tulivyomtazama.

Hapohapo anaongea kitoto. Akivua manyoya, anakuwa Oscar wa kwenye pipa la taka, kikaragosi kingine cha kipindi hicho, kwa sauti ya kukwaruza aliyoiokota kwa dereva teksi wa New York. Kwangu huyu ni msanii hasa.

Mwaka 2015 mwili ulipokataa, alimwachia mchezesha vikaragosi mwenzake, Matt Vogel, manyoya, yeye akabaki na sauti hadi alipostaafu 2018.