Mtoto kaumwa, tiketi za boti hairudi hata senti. Nina haki?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi ila leo acha niseme. Iddi iliyopita tulipanga kwenda Unguja na baba watoto na wanangu watatu, tukakata tiketi mapema maana si unajua sikukuu boti zinajaa, hela yote tukalipa kwa simu. Siku moja kabla ya safari huyu wa mwisho akaamka ana vipele mwili mzima na homa juu, hospitali wakasema tetekuwanga, asichanganyike na watu. Nikakimbia ofisini kwao na cheti cha daktari, dada wa dirishani hata hakukisoma, akageuza tiketi akanionyesha kwa ukucha mstari wa chini kabisa, vile viherufi vya kumulika na tochi, hairudishwi haibadilishwi. Nikamwambia basi nisogezee hata wiki ijayo, akasema mfumo haukubali. Na pembeni yangu watu wamepanga foleni wanaulizia nafasi za kesho hiyohiyo! Mume wangu anasema nisahau yaishe. Mama Watatu, Mbagala.

JIBU: Pole sana mama, natumaini mtoto kashapona. Ungempakiza hivyohivyo nusu ya boti ingekuwa inajikuna mpaka leo.

Tuanze na pabaya: ule mstari wa chini una nguvu, asikudanganye mtu. Na kampuni inayo hoja, boti ikishang'oa nanga kiti kitupu hakiuziki tena na mafuta yanachomwa yaleyale. Sawa, hiyo nakubali kwa Jumanne ya kawaida. Iddi hapana, maana wewe mwenyewe umesema foleni ilikuwepo, sasa viti vyenu vitano alikaa nani? Kama viliuzwa upya basi wamekula nauli mara mbili kwa kiti kimoja. Hapo ndo pa kuwabana, sio kwenye ugonjwa, ugonjwa wa watoto wanausikia kila siku, wa kweli na wa uongo. Waulize tu, viti vyangu mliviuza au hamkuviuza? Abiria wa boti anaandikwa jina na kitambulisho kinaangaliwa, kwa hiyo orodha ipo.

Andika barua kwa meneja, dirishani achana napo. Ambatisha tiketi, meseji ya malipo na cheti, taja siku na saa uliyofika ofisini kwao, maana la muhimu hapa ni kwamba ulitoa taarifa boti haijaondoka. Usidai hela yote, dai kusogezewa tarehe au wakate kidogo wakurudishie inayobaki, meneja anakubali kirahisi zaidi kitu ambacho hakimtoi hela mfukoni. Wakikaa kimya peleka TASAC, ndo wanaosimamia usafiri wa majini huku bara, au Tume ya Ushindani, FCC, wenye Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Kwa FCC swali litakuwa, hilo sharti ulionyeshwa kabla ya kulipa au umelikuta kwenye tiketi hela ikiwa ishatoka? Rudia hatua ulizopita kwenye simu uangalie. Kama halikutokea popote una pa kusimamia, kama ulitiki kukubali bila kusoma, kama tunavyofanya wote, itakuwa ngumu kidogo.

Kwamba watarudisha sikuahidi. Ila nauli ya watu watano kwenda na kurudi sio hela ya kusahau, mwambie baba watoto hivyo.

Safari nyingine kabla hujalipa uliza, nikishindwa kusafiri inakuwaje, na jibu wakuandikie kwenye meseji. Halafu wale vijana wa nje ya geti wanaojifanya mawakala waache kabisa, likitokea tatizo kampuni itasema haikujui na kijana namba haipatikani.

Kuna mwingine wa Tabata aliuliza je, boti ikizuiwa na upepo? Hiyo kesi nyingine kabisa. TMA, wale wa hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, boti ikabaki gatini, aliyeghairi sio wewe, na huduma uliyolipia hujapewa. Dai hela yako au safari nyingine, uchague wewe, wasikuchagulie wao, na kama mwaka huu huna mpango tena wa kwenda Unguja usikubali wakupe vocha.